Hatuondoki, Mwalimu

Mlango ulipigwa teke la pili, vumbi la dari likawamwagikia vichwani.

Teke la kwanza ulilisikia wiki iliyopita, msomaji wangu, ukabaki na gazeti mkononi ukinilaani. Una haki. Leo ninakuingiza ndani.

"Fungueni! Polisi!"

Sebuleni mwa Bibi Sarufi, watu wazima na mvi zao walitazamana kama watoto waliovunja kioo cha dirisha. Wakili, na suti yake ya kwendea mahakamani, alikuwa amekalia kigoda cha jikoni, magoti yamemfika kidevuni. Mchinjaji alikalia ndoo iliyopinduliwa. Wengine walibanana kwenye kochi kuukuu lililolalamika kila mtu alipohema.

Cheche alikuwa mlangoni. Mgongo wake ndio ulikuwa komeo. Bado alikuwa amevaa sare yake ya ukunga, kwani alitoka wodini akaja hapo moja kwa moja bila kupita nyumbani, hata chai hajaionja.

Kwa uliyetukuta njiani, sogea nikudokeze. Katika nyumba hii ndogo, pembeni mwa uwanja wa shule, anaishi mwalimu mstaafu wa lugha ambaye vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vimemwita Bibi Sarufi. Bodi ya zamani ilimwahidi kwamba humo ataishi mpaka Mungu amwite. Sasa Chama cha Wanafunzi wa Zamani kimetangaza kuwa nyumba itavunjwa, pajengwe ukumbi wa starehe wa wahitimu. Mwenyekiti wa chama ni mkandarasi mwenye pesa zake na maneno yake, ambaye tangu shuleni anaitwa Kiranja. Cheche alipouliza kwenye kundi la simu la chama, "Hiyo kura ilipigwa lini, na nani aliipiga?" hakujibiwa. Kioo cha simu kilimwambia tu: Umeondolewa kwenye kundi.

Walikosea hesabu. Mkunga humnyamazishi kwa kumtoa kwenye simu. Nusu ya kina mama wa chama walijifungulia mikononi mwake, na kina baba kadhaa walizimia mbele ya macho yake akawamwagia maji. Aliwapigia mmoja mmoja. Nani angethubutu kutopokea?

"Mwalimu," Cheche alinong'ona, "nifungue?"

Bibi Sarufi alikuwa amesimama mbele ya ubao wake. Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati alioupaka rangi nyeusi na kuuegemeza ukutani. Mwili wake ulikuwa umepungua, sweta limemzidi mabega, lakini ile sauti, ndugu zangu, ile sauti haikuwa imestaafu.

"Mlango usifungue. Fungueni madaftari."

"Hatuna madaftari, Mwalimu," alisema Mchinjaji.

"Basi fungueni midomo. Kitenzi cha leo ni kuondoka. Wakati uliopo, hali ya kukanusha. Nafsi ya kwanza, umoja. Wewe, Wakili."

"Siondoki," Wakili alisema kwa sauti ya panya.

"Mahakamani unanong'ona hivyo? Maskini wateja wako."

"Siondoki!"

"Nafsi ya pili?"

"Huondoki!" kochi zima liliitikia.

"Ya tatu?"

"Haondoki!"

Nje, buti zilisita. Ndani, kitu fulani kilikuwa kimewashika. Watu waliokuja na hofu zao walianza kutabasamu. Mama mmoja, mhasibu wa kampuni kubwa, alikuwa amenyoosha kidole juu kabisa akiomba aulizwe yeye.

"Wingi! Nafsi ya kwanza!"

"HATUONDOKI!"

Ukuta ulitikisika kwa sauti. Cheche aliisikia ikipita mgongoni mwake na kutoka nje kupitia mbao za mlango.

"Nafsi ya pili wingi. Mchinjaji."

"Hamuondoki."

"Hamwondoki. M ya nafsi hii ikikutana na irabu njiani, huvaa w. Nilikwambia ukiwa huna ndevu, nakwambia tena ukiwa nazo."

Vicheko vililipuka. Ndipo nje ikasikika sauti nyingine kabisa, iliyonywea, iliyovua buti.

"Mwalimu? Mwalimu, ni wewe?"

"Nani anaulizia?"

"Ni mimi... Kobe."

Cheche alifungua mlango mwenyewe. Mbele yake alisimama inspekta mrefu, nyota mabegani, kofia tayari iko kwapani. Kobe! Huyu ndiye kijana aliyekuwa akifika darasani wenzake wakikaribia mapumziko, kila siku na kisingizio kipya.

"Umechelewa," alisema Bibi Sarufi.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Na mlango wangu umeupiga teke. Hukujua ni wangu, au hukujua kwamba milangoni hubishwa hodi?"

Askari wawili waliokuwa nyuma yake waligeuza nyuso wasionekane wakicheka. Inspekta alisimama wima.

"Nimekuja na amri, Mwalimu."

"Amri iko ngeli gani?"

"I-ZI, Mwalimu. Amri hii, amri hizi."

"Vizuri. Sasa amri hii ni ya nani?"

Wakili aliinuka kwenye kigoda, akainyoosha suti yake. "Swali zuri. Ni ya mahakama, Afande? Tuione."

Kobe alimtazama Wakili, akamtazama Cheche, akatazama sakafu. "Sina ya mahakama. Nilipigiwa simu na Kiranja. Aliniambia wahuni wamevamia nyumba tupu ya shule. Aliniambia mwenye nyumba alishahamia kwa ndugu zake."

"Ndugu gani?" aliuliza Bibi Sarufi.

Kila mtu chumbani alijua kwamba mama huyu hakuolewa, hakuzaa, na wazazi wake walikwishatangulia. Kama ana ndugu duniani, basi ndio hao waliokalia ndoo na vigoda vyake.

Kobe aliipachika kofia yake kwenye msumari wa ukutani. Akawageukia askari wake. "Kaeni nje, mlinde amani."

"Na wewe, Afande?"

"Mimi nimechelewa darasa."

Wangeshangilia, lakini hawakupata nafasi. Uwanjani ilisikika ngurumo. Kupitia dirishani Cheche aliona gari jeusi likija taratibu, na nyuma yake tingatinga la manjano, koleo limeinuliwa juu kama mkono wa mtu anayetaka kupiga kibao.

Kiranja alikuwa amefika.

Cheche alitoka barazani kabla hajaitwa. Alijua anayeshuka garini ni nani kwake. Mwenyekiti, ndiyo. Lakini pia alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee, Nukta. Jina hilo alipewa na Bibi Sarufi kwa ufupi wake, likamganda mpaka ukubwani.

Na nyumba hii wanayotaka kuivunja? Mama yao alipofariki, shule ilipofungwa na wenzao kwenda likizo, Cheche na Nukta hawakuwa na pa kwenda. Walilala chumba cha nyuma humo ndani, kitanda kimoja, likizo baada ya likizo, na Bibi Sarufi akiwasomea hadithi huku akiwasahihisha hata namna ya kupiga miayo.

"Shemeji," Kiranja alianza, mikono ameitandaza kama anayekuja kukumbatia. "Kwa nini tunaaibishana mbele ya watu? Haya tungeyamaliza sebuleni kwangu."

"Sebuleni kwako hakuna anayetaka kuvunja."

"Ni maendeleo! Tunajenga ukumbi wa kuwaunganisha wanafunzi wote wa zamani. Si ndiyo kazi ya chama? Watu wakutane, wakumbukane."

"Unawaunganisha watu kwa kumtupa nje aliyewaunganisha?"

"Hatupwi. Nimemtafutia chumba kizuri kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Na jina lake litakuwepo ukumbini."

"Wapi? Juu ya mlango?"

Kiranja alikohoa. "Juu ya mlango litakuwa langu. Lake litakuwa kwenye kona ya kusomea magazeti."

Barazani watu walishaanza kumiminika. Mchinjaji alitema kicheko kikavu. "Kona! Mtu kakufundisha kuandika jina lako, nawe unampa kona!"

"Kelele!" Tabasamu la Kiranja lilianguka chini na halikuokotwa. "Mnajifanya mashujaa, sivyo? Basi muulizeni yeye mwenyewe. Muulizeni kama hakukubali. Alikubali kwa kinywa chake, mbele yangu, bila kulazimishwa!"

Ngurumo ya tingatinga ilikuwa haijazimwa, lakini Cheche hakuisikia tena. Aligeuka. Bibi Sarufi alikuwa amesimama kizingitini, chaki bado vidoleni.

"Mwalimu... ni kweli?"

"Ni kweli," alisema Bibi Sarufi. "Nilikubali."

Nani angetegemea? Wakili alishusha mkoba. Kobe alikwenda kuichukua kofia yake pale msumarini, akabaki ameishika tu. Cheche alihisi kama mtu aliyebeba maji safari nzima kisha akaambiwa nyumbani hakuna aliyeyaagiza.

"Kwa nini?" Sauti yake ilitoka ndogo.

Mwalimu hakumtazama Kiranja. Alimtazama yeye. "Alikuja hapa na keki. Akaniambia, Mwalimu, wanao wamekaa kikao, wameamua kwa kauli moja. Wanaona umechoka, wanaona bora ukae na wazee wenzako. Nikamuuliza, na Cheche anasemaje? Akaniambia, Cheche ndiye aliyetoa wazo."

Cheche alipiga hatua moja kumwelekea.

"Nikasema, kama Cheche amesema hivyo, basi. Mtoto niliyemlea mwenyewe akiona nimekuwa mzigo, mimi nibishe na nani? Ni leo tu, nilipokuona umeuweka mgongo mlangoni, nikaanza kushuku kuna kosa mahali."

"Sikusema!" Neno lilimtoka Cheche kama mlio. "Mwalimu, wallahi sikusema! Mimi kura yenyewe siijui!"

"Na sisi," Mchinjaji alidakia, akimnyooshea Kiranja kidole kinene, "sisi huyu alituambia Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeomba kuhama. Kwamba amechoka na sisi, hataki hata wageni. Kila nikimwambia nataka nije nimsalimie, ananiambia, nipe mimi salamu, nitazifikisha."

"Na mimi!"

"Mimi pia!"

"Zawadi yangu ya sikukuu je, ilikufikia, Mwalimu?"

"Zawadi gani, mwanangu?"

Hapo ndipo wote walipouona mchezo. Barabara kati ya mwalimu na wanafunzi wake ilikuwa moja tu, na Kiranja alikuwa ameisimamia katikati kama mwenye kizuizi. Salamu ziliingia kwake zikiwa salamu, zikatoka zikiwa kitu kingine. Huku aliwaambia mama amewachoka. Kule alimwambia mama watoto wamemchoka. Na wote, kwa heshima, walinyamaza na kuumia kila mtu kwake.

Bibi Sarufi alisogea mbele mpaka ukingoni mwa baraza.

"Kiranja."

"Naam, Mwalimu." Lilimtoka bila kutaka.

"Neno nililolitoa kwa kudanganywa ni kosa, na kazi yangu maisha yangu yote imekuwa kusahihisha makosa. Nasahihisha. Sikubali."

Wakapiga kelele za shangwe mpaka wanafunzi wa sasa, waliokuwa madarasani ng'ambo ya uwanja, wakatoa vichwa madirishani. Kiranja alibadilika rangi. Alipunga mkono kwa dereva wa tingatinga.

"Anza kazi!"

"Bosi, kuna watu barazani."

"Watatoka wenyewe wakiona hufanyi mzaha. Anza!"

Moshi mweusi uliruka. Minyororo ya tingatinga iling'ata majani ya uwanja, koleo likashuka, likaanza kuja.

"Toeni viti nje," alisema Bibi Sarufi, kama mtu anayesema mvua imekatika. "Humu ndani kuna joto. Tutaendelea uwanjani."

Cheche ndiye aliyetoka wa kwanza, na kiti cha mwalimu kichwani. Alikiweka njiani kabisa, pale majani yalipokuwa bado hayajakanyagwa. Wakili alileta kigoda. Mchinjaji na ndoo yake. Wanne walibeba kochi, likalia njia nzima. Kobe, na nyota zake zote mabegani, alikuja na ubao.

"Afande!" Kiranja alifoka. "Wakamate hawa!"

"Kwa kosa gani?"

"Wanazuia kazi!"

"Nionyeshe kibali cha kubomoa nyumba ambayo mwenyewe yumo."

"Kiko ofisini!"

"Kakilete. Mimi nina subira. Hili jina la Kobe si ulinipa wewe?"

Tingatinga lilikuja. Ardhi ilitetema chini ya viti. Mama mhasibu alifumba macho, akaanza kusali. Cheche alishika mkono wa kiti cha mwalimu, akayakazia macho meno ya lile koleo. Kama ni kuogopa, aliogopa. Lakini alikuwa amewahi kusimama pembeni ya kitanda mama na mtoto wote wakimponyoka, na hakukimbia. Leo akimbie chuma?

Ndipo mlango wa gari jeusi ulipofunguka.

Alishuka mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa vizuri, viatu vya kisigino kirefu. Alivivua. Akaviacha hapohapo, akaja anakimbia peku juu ya majani.

"Nukta!" Kiranja aliita. "Rudi ndani ya gari!"

Nukta hakugeuka. Alifika mbele ya mwalimu akihema, akasimama kama walivyofundishwa, mikono nyuma.

"Naomba kuingia, Mwalimu."

"Ingia. Kaa na dada yako."

Hakukuwa na kiti. Wakili aliwapisha kigoda chake, wakakigawana, nyonga kwa nyonga, kama kile kitanda cha chumba cha nyuma. Cheche akamshika mdogo wake mkono.

Ngurumo ilikatika ghafla. Kimya kilichofuata kiliziba masikio. Dereva alikuwa amechomoa ufunguo, anashuka.

"Nani kakwambia uzime?" Kiranja alimrukia.

"Bosi, mkeo yuko mbele ya koleo langu. Nikisogea kidogo tu, wewe utalia msibani na mimi nitalia gerezani. Kazi gani hiyo?" Akautia ufunguo mfukoni, akaenda kukaa kivulini mwa mashine yake.

Kama ungekuwepo, ungedhani mambo yameishia hapo. Watu walikumbatiana, wakapigana migongo, Mchinjaji akambeba Wakili juujuu na suti yake. Lakini Kiranja hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Alikuwa amejiegemeza kwenye gari lake, mikono kifuani, anawangoja wamalize kufurahi.

"Mmemaliza?" alisema. "Leo mmeketi. Mtaketi na kesho? Mkutano mkuu ni Jumamosi. Kweli, mimi vipindi vyangu vimekwisha, katiba hainiruhusu tena. Ila mwenyekiti mpya akiupitisha uamuzi huu upya, kwa kura halali, hata huyo Kobe wenu atakuja na amri ya mahakama. Na mwenyekiti mpya nimeshamwandaa."

"Tutasimamisha wetu," alisema Cheche.

"Nani? Wewe? Umeondolewa kwenye kundi, na asiye kundini si mwanachama, umesahau?"

"Mimi," alisema Bibi Sarufi.

Kila mtu aligeuka. Hata dereva wa tingatinga alinyoosha shingo.

Kiranja alicheka, lakini kicheko kilikwama katikati. "Mwalimu, kwa heshima zote, chama ni cha waliosoma hapa. Wewe ulifundisha."

"Na kabla sijafundisha, nilisoma wapi?" Bibi Sarufi aliegemea kiti chake. "Shule hii ilipofunguliwa haikuwa na sakafu. Sisi wasichana wa darasa la kwanza kabisa ndio tuliobeba mawe. Jiwe la msingi unalopiga nalo picha kila mwaka, mmoja wa waliolisukuma hapo ni mimi. Wakili, hilo linanifanya mwanafunzi wa zamani, au halinifanyi?"

"Linakufanya wa zamani kuliko wote, Mwalimu!"

Shangwe zilipaa upya. Cheche alicheka mpaka machozi. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa ubavuni mwake. Mkono wa Nukta, aliokuwa ameushika, ulikuwa umepoa kama maji ya mtungini.

Kiranja aliuona. Akafungua mlango wa gari polepole.

"Nakutakia kila la heri, Mwalimu. Mgombea wangu unamfahamu vizuri sana. Umemkaribisha darasani sasa hivi."

Gari liliondoka likarusha vumbi. Hakuna aliyelitazama. Macho yote yalikuwa kwa mwanamke mfupi mwenye miguu peku.

"Mdogo wangu," Cheche alisema. "Amedanganya. Sema amedanganya."

"Hajadanganya, dada. Nilikubali."

Mchinjaji alinguruma. Cheche aliuachia ule mkono kabla hajajua kama ameuachia.

"Ulikubali kuja kutuvunjia hii nyumba? Wewe? Uliyelala humo ukilia mama, mama, mpaka shuka likalowa?"

"Nisikilize kwanza."

"Nisikilize nini!"

"Cheche," alisema Bibi Sarufi. "Muache mwenzako amalize sentensi."

Nukta alijifuta pua kwa upindo wa kitenge. Alipoongea, alimwambia dada yake tu, kana kwamba uwanja haukuwa na watu.

"Aliniambia nikikataa kugombea, wewe hutashika mtoto mwingine hospitalini. Mganga mkuu ni rafiki yake, wanajenga pamoja. Alisema itatosha simu moja. Watakuzulia kosa, watakuvua sare. Dada, wewe ukunga ndio pumzi yako. Nilifikiria nyumba, nikakufikiria wewe. Nikakuchagua wewe." Akaelekeza kidevu kwenye tingatinga. "Leo, nikiwa garini, nikakuona umesimama mbele ya lile dude. Nikajisemea, huyu ninayemficha chini ya kanga mbona hajifichi?"

Upepo ulipita, ukapeperusha vumbi la chaki kutoka kwenye ubao. Cheche alimtazama mdogo wake. Hasira zote alizokuwa amezijaza kifuani zilikosa pa kwenda, zikageuka kicheko, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni.

"Anivue sare?" alisema. "Na watoto nao watamsubiri Mwenyekiti awape ruhusa ya kuzaliwa? Mjinga wewe, Nukta! Mjinga mzuri kupita wote!" Akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka kigoda kikataka kuanguka nao. "Jumamosi utasimama kwenye mkutano, useme kwa sauti yako kwamba hugombei, na useme ni kwa nini. Mimi nitakuwa pembeni yako."

"Na simu yake je? Akipiga?"

"Na apige."

Maneno hayajapoa kinywani, simu ya Cheche ikalia mfukoni mwa sare. Alitazama kioo. Alikuwa matroni wa wodi yake, mwanamke asiyepiga simu hovyo. Akaiweka sikioni.

"Uko wapi?" Sauti ya matroni ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea akiwa amejifungia stoo. "Mganga mkuu anakutaka ofisini kwake sasa hivi. Kuna watu wawili siwajui, wamekaa naye. Amesema... mwenzangu, sijui nikuambieje. Amesema uje na sare zako zote."

Nukta alisikia kila neno. Akajishika kichwa.

Cheche hakushika kichwa. Alisimama, akakung'uta majani kwenye sketi ya sare yake, akakifunga vizuri kifungo cha juu kilichokuwa kimefunguka.

"Nakuja, Matroni. Mwambie aongeze viti."

"Viti vya nini?"

"Siji peke yangu."

Alipogeuka, Wakili alikuwa tayari na mkoba wake kwapani, Mchinjaji anakunja mikono ya shati, mama mhasibu anawapigia simu wale ambao hawakuja. Kobe alisema yeye na askari wake watabaki, nyumba isiguswe. Na Bibi Sarufi, chaki ikiwa bado vidoleni, alikuwa anamuuliza Nukta viatu vyake viko wapi, maana safari ni ndefu na mtu hawezi kwenda kupigania haki ya dada yake akiwa peku.